Tangi la Rambirambi

Ilikuwa mwaka 2001. Hapana, si 2001. Mwaka huo sheli ya mafuta ya Hans pale Lemara, Arusha, ilikuwa bado nguzo na lundo la mchanga, mbuzi wa majirani wakipanda juu yake kuota jua. Basi ni 2003, ule mwaka mvua za vuli zilipotupita juu kwa juu na mahindi yakanyaukia shambani hadi kule Oljoro. Ndiyo, 2003. Huo ndio mwaka Ephraimu alipopoteza jina lake.

Ephraimu kazi yake ilikuwa kuwarudisha wafu nyumbani. Watu wa kwao, Wachagga wa Machame, wanaweza kukaa Arusha umri wao wote, wakajenga, wakafungua maduka, watoto wao wakawa hawajui hata njia ya kwenda kisimani kwa babu. Lakini mmoja akifa, mjini hapamtoshi. Lazima apandishwe Kilimanjaro akalale kihambani, katikati ya migomba ya baba yake. Na wa kumpandisha, kwa watu wa Sokon One na Lemara, alikuwa Ephraimu na Pijo lake 504, lile refu la nyuma, rangi ya maziwa, ambalo viti vyake vya nyuma aliving'oa mwenyewe ili jeneza lipate kukaa bila kupinda.

Aliendesha vizuri, hilo hata adui zake hawakulikana. Akipita kwenye tuta ungedhani amebeba mtoto aliyelala na hataki kumwamsha. Mtu akikata roho watu walimwita mchungaji, kisha Ephraimu. Wengine, kwa kuchanganyikiwa, walianza na Ephraimu. Mke wake, Pudensiana, ambaye ni Mkatoliki wa Kibosho, alipenda kumtania kwamba mume wake anajulikana zaidi na waliokufa kuliko na walio hai. Ephraimu alicheka tu. Jina lilikuwa jina.

Sasa huyo Hans. Alikuwa mtu wa Masama, huko huko Machame, kama Ephraimu, mdogo kwake kwa umri, na vihamba vyao vilipakana. Serikali ilipoachia biashara ya mafuta, kila mwenye kiwanja kando ya lami aliota ndoto ya pampu, na Hans hakuota tu, alijenga. Siku ya kuifungua alialika kwaya. Na tangu siku hiyo alianzisha desturi yake ambayo watu waliisifu sana: akifa mtu wa nyumbani, Hans haleti mchele wala sukari kama wengine. Rambirambi yake ni kulijazia gari la maiti tangi zima. Likitangazwa jambo hilo msibani, watu walitikisa vichwa na kusema kijana yule kalelewa.

Akafa mzee Ebenezer wa Sokon One. Alikuwa mwinjilisti mstaafu, mtu mpole aliyewafundisha kusoma nusu ya watu waliokuwa msibani. Binti yake Sia ndiye aliyesimamia kila kitu, na Ephraimu akaitwa. Asubuhi ya safari Pijo likaingia kwa Hans, Hans mwenyewe akashika pampu akiwa na suti yake nyeusi, akajaza mpaka mafuta yakatapika mdomoni mwa tangi.

"Mpeleke mzee wetu salama, kaka," alisema.

"Mungu akubariki," Ephraimu akamjibu. Baraka hiyo alikuja kuijutia.

Walipofika Tengeru gari lilikuwa zito. Kwenye mwinuko wa Makumira likaanza kunoki, ko-ko-ko, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko ndani ya boneti. Ephraimu akatazama kioo cha pembeni akaona moshi. Si moshi wa vumbi la asubuhi. Ni moshi mzito wa rangi ya majivu, unaouma macho, wenye harufu ya jikoni pale kibatari kinapozimika. Magari ya wafiwa nyuma yake yalikuwa yanafunga vioo moja baada ya jingine. Basi la kwaya likapunguza mwendo likabaki nyuma, likamwacha na maiti na moshi wake.

Walipofika Maji ya Chai injini ikanyamaza. Wakasukuma, haikuwaka. Wakamwaga maji, wakapepea, wakasali, haikuwaka. Jua lilikuwa limeshapita utosini, na huko Masama kaburi lilikuwa wazi na wazee wanangoja. Gari pekee lililokubali kusimama lilikuwa fuso lililotoka kushusha nguruwe. Wakatandika mashuka ya wafiwa juu ya sakafu yake, wakampandisha mzee Ebenezer.

Wakafika giza limeshaingia. Mtu hazikwi usiku, na kaburi lililochimbwa haliachwi tupu likalala wazi. Kwao hilo ni jambo zito, kwa sababu kaburi lililokosa mtu wake litaita mwingine. Wazee wakakata shina la mgomba wakalilaza humo shimoni mahali pa marehemu mpaka asubuhi. Sia alimjia Ephraimu alipokuwa amekaa juu ya jiwe nje ya ua.

"Baba Agnela," akamwita, kwa jina la mtoto wake, kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomkata. "Baba yangu alikuombea wewe siku ulipobatizwa. Leo amekuja kwao ananuka nguruwe."

Hakuongeza kitu. Wengine ndio walioongeza. Kabla mwezi haujaisha Arusha yote ya watu wa Machame ilikuwa na jina jipya la Ephraimu: Shina la Mgomba. Misiba ikaja, magari mengine yakaitwa. Pijo likakaa uani, kuku wakataga chini yake.

Fundi wa Ephraimu alikuwa Mwarusha, Lemburis, mwenye gereji ya mabati Sokon One, mtu wa maneno mengi na mikono isiyokauka oili. Alifungua injini akatoa plagi, akazipanga juu ya gunia. Zote zilikuwa nyeusi kama meno ya mvuta tumbaku. Akachovya kidole kwenye petroli iliyobaki tangini, akaipaka kiganjani mwa Ephraimu.

"Ngoja. Usipanguse."

Wakangoja. Lemburis akasimulia habari ya ng'ombe wa shemeji yake, habari ndefu, kisha akarudi kwenye kiganja.

"Petroli ya kweli ingekuwa imesharuka, mkono mkavu. Hii tazama, unang'aa. Umepakwa mafuta ya taa, mzee. Ungeweza kupikia chai."

"Mafuta ya taa?"

"Kodi yake ndogo. Mtu anachanganya humo kwenye petroli, anauza yote kwa bei ya petroli." Siku hizo neno kuchakachua lilikuwa bado halijashika midomoni mwa watu, ilikuwa kuchanganya tu. "Sasa injini yako haijui kuyala. Yanalipuka kabla ya zamu yake, ndiyo hiyo noki uliyoisikia. Mengine hayaungui sawasawa, yanatoka nyuma moshi mtupu. Mengine yanateremka kwenye oili, oili inakuwa supu. Pistoni zako zimetoboka. Gari halikuwa bovu. Gari lililishwa sumu."

Ephraimu alikitazama kiganja chake kinachong'aa. Kisha akakunja ngumi, akaenda Lemara kwa miguu.

Hans alikuwa ofisini, ana soda mezani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hans, ulinijazia mafuta ya taa."

Hans hakushtuka. Akamvutia kiti. "Kaka Ephraimu, pole na mkasa. Lakini lile gari umri wake unaujua."

"Lilikuwa linakwenda."

"Nilikupa bure, kaka. Bure, mbele ya watu. Ukienda kusema mafuta niliyotoa sadaka yalikuwa mabaya, watu watakuonaje? Mtu anapewa maziwa analalamika chupa."

Na hapo ndipo Hans alipokuwa amemkamata. Maana ilikuwa kweli. Ephraimu alijaribu kusema msibani, sokoni, kanisani, na kila alikosema watu walimtazama kwa huruma ile ya kumtazama mtu anayetafuta wa kumtwisha aibu yake. Magari mengine yaliyojaza kwa Hans yalitoa moshi pia, lakini wenyewe walisema ringi zimekwisha, au kabureta, au uzee. Kijana mkarimu namna ile.

Basi Ephraimu akaacha kusema. Akaanza kufukiza.

Lemburis alimtengenezea injini polepole kwa vipuri vya kuokoteza, na Pijo likawaka tena. Siku za kazi Ephraimu alilitilia petroli ya sheli nyingine, ya mjini, na ekzosi ikapumua safi, hata ukiweka leso nyeupe mdomoni mwake inatoka nyeupe. Lakini Jumamosi jioni alimaliza mafuta hayo, na Jumapili asubuhi akatia ya Hans, kidumu alichonunuliwa na Lemburis, kwa kuwa vijana wa pampu walikuwa wameshakatazwa kumuuzia. Kisha akaenda kanisani akaegesha kule upepo unakotoka.

Ibada ikiisha, Waluteri hawatawanyiki. Kuna mnada. Sadaka za mazao, mkungu wa ndizi, kuku, trei la mayai, vyote hunadiwa hapo nje, na watu hushindana kwa furaha, wengine kwa maringo. Hans alikuwa bingwa wa mnada. Aliweza kununua kuku mmoja mara tatu, akimrudisha anadiwe tena. Basi Hans akiwa tu ameinua mkono, Ephraimu akawasha gari.

Moshi ukatambaa. Ukawaingia wanakwaya kwenye majoho, ukamfanya mnadi apige chafya katikati ya bei, ukamtoa kuku aliyenadiwa akakimbilia makaburini.

"Baba Agnela, zima hilo gari bovu," walimpigia kelele.

"Gari si bovu," Ephraimu akasema, amekaa kwenye usukani, mikono kifuani. "Njooni kwangu kesho mlione. Kesho halitoi moshi. Huyu mnayemnusa ni Hans."

Jumapili iliyofuata akaja tena. Na iliyofuata. Mchungaji alimwita ofisini akamsihi amwachie Mungu kisasi. Ephraimu akamjibu kwa adabu kabisa kwamba Mungu ana kazi nyingi na yeye kwa sasa hana kazi. Siku ya harusi ya mpwa wa Hans alizunguka ukumbi kutwa, taratibu, dirisha hadi dirisha, ekzosi ikielekea ndani. Pudensiana akaacha kupanda gari lile. "Unanuka taa mpaka kwenye mto," akamwambia. "Ninalala na kibatari." Ephraimu akawa analala vizuri kuliko miezi yote. Na hata hivyo watu wengi walikuwa bado wanamcheka. Wachache tu, wenye magari, walianza kupitiliza sheli ile kimyakimya na kwenda kujaza mjini.

Hans akaona hao wachache. Akamtuma mama yake.

Inabidi kueleza. Kwa Wachagga kuna jani linaitwa isale, refu, la kijani, linaota mipakani mwa vihamba. Ukimkosea mtu ukamletea isale, akalipokea mkononi, ameshasamehe. Haulizi, haongezi. Na kulikataa ukiwa umenyooshewa mbele ya macho ni mkosi kwako na kwa watoto wako. Mama Hans alikuwa bibi mnyoofu, mfupi, mwenye kanga zilizopigwa pasi. Alipanda gari kutoka Masama na isale lake limefungwa kwenye leso, akateremka Sokon One akauliza gereji.

Ephraimu alimwona kwa mbali. Akajua mara moja kilichomo kwenye ile leso. Akajivuta chini ya Pijo.

"Mwambie sipo," akanong'ona.

Lemburis akafuta mikono, akamwamkia bibi kwa lugha ya kwao, kama mtoto kwa mama. "Takwenya, yeyo. Ephraimu hayupo."

"Naona," alisema bibi. Akasogea mpaka kwenye miguu iliyotokeza chini ya gari, akaitazama. "Miguu hii naijua. Iliniibia ndizi. Ephraimu, mwanangu, toa mkono."

Miguu ikajivuta ndani kidogo.

"Sijaja kukwambia mwanangu hana kosa. Angekuwa hana kosa ningekuja na nini? Toa mkono."

Chini kule Ephraimu alizikutanisha ngumi zake kifuani. Tone la oili lilimwangukia shavuni, hakupangusa. Aliwaza lile shina la mgomba lililolala kaburini mahali pa mtu. Angetoa mkono, yote yangeisha, na yeye angebaki Shina la Mgomba hadi kufa kwake, na Hans angebaki mkarimu.

"Liweke juu ya boneti, yeyo," Lemburis alisema, anamhurumia.

"Haliwekwi juu ya bati, kijana. Linatoka mkono linaingia mkono."

Akasimama pale. Lemburis alimletea kigoda, hakukaa. Jua likamzunguka, kivuli chake kikahama kutoka tairi la mbele hadi la nyuma. Mwishowe akalifunga isale kwenye leso. "Basi nitakuja tena," akaiambia miguu, akaondoka kutafuta gari la kurudi.

"Ningekuwa wewe ningetoka," alisema Lemburis.

"Hukuwa wewe Maji ya Chai," Ephraimu akamjibu.

Bibi hakuja tena. Aliugua mwanzo wa masika, akaletwa hospitali mjini, na hakukaa sana. Msiba ukawa Lemara kwa Hans, mkubwa, maturubai mpaka barabarani. Ephraimu alikwenda. Pudensiana alidhani amekwenda kutubu, akamsifu. Lakini Ephraimu alikuwa na jambo moja tu alilotaka kuliona kwa macho yake. Alikaa siku zote za matanga kwenye benchi la nyuma, hakula, akingoja siku ya safari.

Jeneza likapakiwa kwenye Landkruza la kukodi, jeupe, lenye injini ya petroli. Msafara ukatoka. Sheli ya Hans ilikuwa wazi. Vijana wa pampu walipanga mstari, wamevua kofia, kumuaga bibi. Hans alikuwa mbele kwenye Landkruza, karibu na dereva. Ephraimu, nyuma kidogo na Pijo lake, alilikazia macho lile gari. Akangoja taa yake ya kukata kona kuingia shelini iwake.

Haikuwaka. Landkruza likapita pampu za mwenyewe kama halizijui, likaenda mpaka Usa River, na hapo likaingia kwenye sheli ya mtu mwingine, magari yote ya msiba nyuma yake. Dereva akateremka akafungua tangi. Wafiwa wakashuka kunyoosha miguu, Sia akiwemo, na mchungaji, na wanakwaya wale wale wa mnada.

Ephraimu akaegesha bila kuzima injini. Safari hii Pijo lilikuwa na petroli ya mjini, halikutoa hata ukungu. Akapita katikati ya watu, kofia mkononi, akasimama mbele ya dirisha la Hans. Hakupaza sauti. Wote waliokuwepo wanasema hakupaza sauti.

"Pole, Hans."

"Asante, kaka."

"Sheli yako iko wazi, nimeipita sasa hivi. Mzee Ebenezer ulimjazia kwako, mbele ya watu. Mama mbona unamjazia huku?"

Pampu ilikuwa inaendelea kuhesabu. Hans akautazama mkono wa dereva ulioshika bomba, akapandisha kioo. Sia alikuwa karibu kiasi cha kusikia. Alisimama kama mtu anayepiga hesabu kichwani, kisha akageuka taratibu akalitazama lile Pijo lililokuwa linanguruma bila moshi. Mchungaji akaanzisha wimbo haraka, watu wakaitikia, lakini kwa midomo tu.

Huko Masama, chini ya migomba, watu walimzika bibi wa watu wakiongea habari za petroli. Wiki hiyo hiyo magari yakaanza kupitiliza Lemara, kila mwenye gari linalokohoa moshi akikumbuka alijaza wapi. Kabla ya mwaka mpya pampu zile ziling'olewa, na Hans akahamia Babati. Sia alikuja mwenyewe uani kwa Ephraimu, akafukuza kuku chini ya gari, akasema mama yake anaumwa na ikibidi, hataki gari jingine. Jina likarudi.

Tusimpambe Ephraimu. Hakusikitika. Aliiona sheli ile ikiota majani na aliipitia makusudi, asubuhi na jioni, hata kama njia yake ilikuwa kwingine, akipunguza mwendo ili ashibe vizuri. Alipoulizwa kuhusu bibi aliyesimama juani akiongea na miguu, alisema bibi alikuwa mtu mwema.

Ila kulikuwa na kitu kilichobaki kimemkwama, na alikibeba miaka. Angekuwa Hans ni mtu wa kutojua, mtu aliyedanganywa na wenye maboza, yale malori ya mafuta, sawa. Lakini alijua, hata akamwepusha mama yake. Walikutana mara moja tu tena, stendi ya Babati, Hans amekonda, anauza matairi. Walisalimiana vizuri, wakaulizana watoto. Kisha Ephraimu akamshika mkono, akamuuliza bila hasira, kwa sababu alitaka kweli kujua. Hans akatazama basi lililokuwa linaondoka, akasema ana mteja anamngoja, akautoa mkono wake taratibu na kwenda zake. Ephraimu alimuuliza hata mchungaji, mchungaji akaguna. Alimuuliza Pudensiana, akaambiwa ale chakula kinapoa. Swali lenyewe, kama alivyomuuliza Hans pale stendi, lilikuwa hili:

"Hans, mzee Ebenezer alikuwa amekukosea nini?"